CSR si madawati: kampuni inawajibika kwa lipi hasa?

Picha hii haikosekani kwenye magazeti ya Dar es Salaam. Meneja amevaa fulana yenye nembo ya kampuni, pembeni yake yupo mkuu wa wilaya, kisha mwalimu mkuu, na wote wameshika mfano wa hundi ya Sh milioni 20. Nyuma yao kuna madawati mapya na watoto wamepangwa mistari wakipiga makofi. Maelezo ya chini yanasema kampuni imerudisha kwa jamii sehemu ya faida yake.

Picha hiyo ikijadiliwa kwenye daladala, utasikia mambo manne. Mmoja atasema wanatoa kwa sababu sheria inawabana. Mwingine atasema ni ujanja wa kukwepa kodi. Wa tatu atasema ni tangazo la biashara kama matangazo mengine. Wa nne atakata maneno: afadhali hao wanaotoa, wengine hawatoi hata chaki. Kila mmoja ana chembe ya ukweli. Lakini wote wanne wanazungumzia madawati, na madawati ni sehemu ndogo kabisa ya jambo linaloitwa CSR, yaani uwajibikaji wa kampuni kwa jamii.

Mkanganyiko huu hauishii kwenye daladala. Unaingia kwenye vikao vya halmashauri, ambako diwani husimama akauliza "CSR yetu iko wapi?" akimaanisha fedha za kumalizia zahanati. Unaingia pia kwenye kampuni zenyewe, ambako si ajabu kukuta CSR ni kitengo cha watu wawili kilichowekwa chini ya idara ya masoko. Kwa maoni yangu mkanganyiko huu unatugharimu, kwa sababu unatuzoesha kuipima kampuni kwa kile inachogawa siku moja kwa mwaka na kusahau inavyofanya kazi siku nyingine zote.

Maana kwanza

Maadili ya biashara ni swali la lipi ni haki na lipi si haki katika kununua, kuuza, kuajiri, kukopesha na kutangaza. Uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, ambao wengi tunauita CSR, unakwenda hatua moja mbele: kampuni ikishakuwa na nguvu ya fedha, ajira na ardhi, inawajibika kwa nani zaidi ya wenye hisa, na kwa mambo gani?

Wapo wahadhiri waliotumia maisha yao yote ya kazi kuchunguza maswali haya. Taaluma yao ina jarida kubwa la kimataifa linalotoka tangu 1982, na wanafunzi wa biashara hapa Dar hukutana na somo hilo vyuoni. Nitatumia kazi za wasomi wawili kulifungua jambo lenyewe: mmoja aliyepanga majukumu ya kampuni yakaeleweka, na mwingine ambaye kabla ya kuwa profesa alikuwa ofisini wakati uamuzi mbaya unafanyika, na mkono wake ulikuwemo.

Kabla yao kulikuwa na ugomvi. Mwaka 1953 mchumi wa Marekani Howard Bowen aliandika kitabu kuhusu majukumu ya mfanyabiashara kwa jamii, na wengi humhesabu kuwa mwanzilishi wa mjadala huu kwa sura yake ya sasa. Septemba 1970 mchumi mwingine, Milton Friedman, alijibu kwa ukali kwenye jarida la gazeti la New York Times: jukumu la biashara kwa jamii ni kuongeza faida. Meneja anayetoa fedha za kampuni kwa mambo ya jamii anatumia fedha zisizo zake. Akitaka kutoa, achukue za mfukoni mwake.

Friedman hutajwa sana na watu ambao hawakumsoma hadi mwisho. Makala hiyo hiyo ina sharti: faida itafutwe kwa kufuata kanuni za msingi za jamii, zilizo kwenye sheria na zilizo kwenye desturi za maadili. Kwa hiyo hata mtetezi mkubwa wa faida hakumpa mwenye kiwanda ruhusa ya kufungulia maji machafu kwenye Mto Msimbazi usiku wa mvua, akitegemea mafuriko yataficha rangi.

Profesa aliyepanga ngazi nne

Archie Carroll alifundisha kwa miongo kadhaa katika Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Mwaka 1979 alitoa maelezo ambayo hadi leo ni vigumu kusoma chochote kuhusu CSR bila kukutana nayo. Alisema jamii inaitarajia kampuni mambo ya aina nne: ya kiuchumi, ya kisheria, ya kimaadili, na ya hiari. Mwaka 1991 akayachora kama piramidi, na ya hiari yakakaa juu kabisa kwa jina la utoaji, yaani misaada.

Tuichukue kampuni ya kubuni, kiwanda cha biskuti pale Chang'ombe, tuipandishe kwenye mchoro huo.

Chini kabisa ni uchumi. Kiwanda kitengeneze biskuti ambazo watu wanazitaka, kiuze, kipate faida. Kiwanda kinachokula hasara kila mwaka kitafungwa, na kikifungwa hakuna mshahara, hakuna kodi, na wakulima waliokuwa wakikiuzia malighafi watabaki na mazao yao. Wanaodhani CSR ni vita dhidi ya faida wanapaswa kuanzia hapa: kwa Carroll, faida ndiyo msingi wa jengo.

Juu yake ni sheria. Shirika la viwango, TBS, liwe limepitisha biskuti. Baraza la mazingira, NEMC, liwe limeridhika na mifereji. Mtu asifanyishwe kazi zaidi ya saa 45 kwa wiki bila malipo ya ziada, kwa mujibu wa sheria ya ajira ya mwaka 2004. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo ni asilimia 20 ya mshahara ikijumlishwa ya mwajiri na ya mfanyakazi, ipelekwe yote na kwa wakati. Hapa ndipo kampuni nyingi huanza kuyumba. Asubuhi saa 12, kwenye mageti ya viwanda, utawakuta vijana wamesimama wakisubiri kuitwa. Anayeitwa leo ni kibarua wa siku. Kesho ataitwa tena, na mwezi ujao, na mwaka ujao, mashine ile ile, zamu ile ile, na bado kwenye karatasi ni kibarua wa siku asiye na mkataba wala namba ya NSSF.

Ngazi ya tatu ni maadili, mambo ambayo sheria haikuyataja au imeyataja nusunusu, lakini kila mtu mwenye utu anajua yalivyo. Mama mmoja wa Temeke ameshona sare za walinzi wa kiwanda, jozi 80. Alikopa ili anunue kitambaa. Ankara aliipeleka siku ile ile aliyokabidhi mzigo, na sasa ni siku ya 120. Akipiga simu anaambiwa, "Mama, faili lako lipo mezani kwa bosi, vuta subira." Hakuna aliyeiba, na mkataba unasema malipo yatafanyika baada ya taratibu kukamilika. Wakati huo huo fedha zake zimelala kwenye akaunti ya kampuni zikizalia kampuni riba, huku yeye akilipa riba kwa aliyemkopesha. Ukitaka kuifundisha ngazi ya tatu, huhitaji mfano mwingine.

Juu kabisa ndiyo kuna madawati, futari kwa watoto yatima, mbio za hisani na miti inayopandwa siku ya mazingira. Carroll aliandika wazi kuwa utoaji ni jambo linalotamanika sana, ila uzito wake ni mdogo kuliko yale matatu ya chini. Aliporudia mada hiyo mwaka 2016 alisisitiza pia kwamba piramidi lake si ngazi za kupanda moja baada ya nyingine. Kampuni haiwezi kusema "tupate faida kwanza, sheria tutaifuata mwakani." Yote manne yanadaiwa kwa wakati mmoja.

Sote tunamfahamu mtu anayeahidi mchango mkubwa kuliko wote kwenye kikao cha harusi, akapigiwa vigelegele, ilhali nyumbani dada wa kazi hajalipwa mshahara wa miezi mitatu. Mchango wake ni wa kweli na bwana harusi ataushukuru. Ila hakuna atakayekubali kwamba umelipa deni la yule dada.

Kwa nini kwetu madawati yamepanda cheo

Mwaka 2006 mtafiti Wayne Visser aliuchukua mchoro wa Carroll akauliza kama unafaa Afrika. Alichokiona ni kwamba kwetu mpangilio hubadilika. Uchumi unabaki kwanza, kwa sababu ajira ni haba na kampuni moja inaweza kulisha mji. Kinachofuata si sheria. Ni utoaji. Sheria inashuka hadi nafasi ya tatu, na maadili yanakaa mwisho. Alikuwa anaeleza hali aliyoiona, hakuwa anaisifu.

Sababu alizozitaja tunazijua. Mahitaji ni makubwa mno, kiasi kwamba shule ikipata madawati 50 hakuna mzazi atakayeuliza yametoka kwenye mfuko upi. Tumezoea kwa miaka mingi maendeleo yanayoletwa na mfadhili. Na vyombo vya kusimamia sheria mara nyingi havina watu wala vifaa vya kutosha.

Mimi ningeongeza historia yetu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, viwanda na benki vikawa vya umma, na shirika la umma halikuwa mahali pa kazi tu. Lilikuwa na nyumba za wafanyakazi, zahanati, timu ya mpira. Mtu mzima wa Dar aliyekulia enzi hizo anaona ni jambo la kawaida kiwanda kuwa na zahanati. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulipofika, mengi ya hayo yakaondoka, ila matarajio yakabaki.

Enzi hizo hizo zina fundisho ambalo tumelisahau. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel hapa Dar es Salaam walikishika kiwanda wakaanza kukiendesha wenyewe, wakiutegemea Mwongozo wa TANU wa 1971 uliokemea viongozi wenye kiburi na unyanyasaji. Unaweza kukubaliana nao au kutokubaliana nao. Lakini mgogoro wao ulihusu namna mtu anavyotendewa akiwa kazini, yaani ngazi ya pili na ya tatu. Jiji hili lilikuwa linajadili mambo haya kabla Carroll hajachora piramidi lake, na hakuna aliyedhani yanamalizwa kwa madawati.

Aliyekuwa na faili mezani

Sasa tufike kwenye swali gumu zaidi. Ikiwa ngazi ya tatu inajulikana na kila mwenye utu, kwa nini watu wenye utu wakiingia ofisini huivuka bila hata kugundua?

Msomi aliyenifundisha zaidi hapa ni Dennis Gioia. Alisoma chuo wakati wa maandamano ya kupinga vita ya Vietnam, akiwa na nywele ndefu na mashaka makubwa juu ya kampuni kubwa. Aliamini kwamba akiingia ndani ataweza kuzibadilisha. Mwaka 1972 akaajiriwa na Ford, na mwaka uliofuata akakabidhiwa kazi ya kuratibu urejeshaji wa magari yaliyogundulika kuwa na kasoro. Kama kuna kijana ambaye ungempa kazi hiyo ukalala usingizi, ni yeye.

Ford ilikuwa ikiuza gari dogo la bei nafuu liitwalo Pinto. Tangi lake la mafuta lilikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, na gari likigongwa kwa nyuma, hata kwa mwendo usio mkali, tangi liliweza kupasuka na moto ukalipuka. Ripoti za watu walioungua zikaanza kufika mezani kwa Gioia, ripoti moja moja, katikati ya mafaili mengine mengi. Kwa kila faili alifundishwa kutafuta mambo mawili: je, tatizo linajirudia mara nyingi? Je, lina chanzo kinachoonekana wazi? Moto wa Pinto haukufikia kipimo chochote kati ya hivyo viwili. Aliwahi kuliona kwa macho yake gari moja lililoteketea, kwenye ghala la kampuni, likamtikisa. Akalipeleka suala kwenye kikao. Kikao kikapiga kura kwamba magari yasirejeshwe, naye akapiga kura pamoja na wenzake. Yeye mwenyewe alikuwa akiendesha Pinto, na baadaye akamuuzia dada yake.

Aliondoka Ford mwaka 1975. Mwaka 1978 kampuni ilirejesha magari yapatayo milioni 1.5 ili yarekebishwe. Gioia akawa mwanataaluma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, na mwaka 1992 akachapisha makala ya kujichunguza. Hakujitetea. Alieleza kwamba kazi ya kila siku ilikuwa imemjengea njia ya kufikiri iliyonyooka, faili linaingia huku na jibu linatoka kule, na kwenye njia hiyo hakukuwa na mahali swali la haki lingeweza kusimama likaonekana. Kwake wakati ule halikuwa suala la maadili kabisa. Lilikuwa faili.

Wengi wanaifahamu kesi ya Pinto kwa hadithi nyingine, ya waraka uliokokotoa kuwa kumnusuru mtu ni ghali kuliko kumwacha aungue. Waraka wa hesabu upo kweli: ulilinganisha gharama ya dola milioni 137, kwa dola 11 kwa kila gari, na faida ya dola milioni 49.5, uhai wa mtu ukithaminiwa dola 200,000. Lakini ulihusu magari yote yanayouzwa Marekani na mafuta yanayovuja gari linapopinduka, na uliandaliwa kwa ajili ya mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo. Hadithi ya meneja katili na kikokotoo chake inapendwa kwa sababu inatuachia faraja kwamba mabaya hufanywa na watu wabaya. Ushuhuda wa Gioia unaiondoa faraja hiyo. Linda Treviño, mtafiti mwingine wa chuo hicho hicho, alikuwa ameshaandika mwaka 1986 kwamba uamuzi wa mtu kazini hauwezi kuelezwa kwa tabia yake peke yake. Lazima uangalie pia mazingira aliyowekwa: analipwa kwa lipi, anamwogopa nani, na wenzake wanachukulia lipi kuwa la kawaida.

Hapa Dar mazingira ya namna hiyo hayako mbali. Fikiria kijana aliyemaliza chuo akapata kazi kwenye ofisi ya mikopo ya mtandaoni, ile ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu. Anakaa na spika masikioni. Kwenye kioo kuna safu tatu: jina, kiasi, siku za kuchelewa. Zilizopita siku saba zina rangi nyekundu, na kamisheni yake inatokana na nyekundu anazozimaliza. Jina moja ni la mama anayeuza vitumbua Tandale. Aliomba Sh 100,000, akapokea 75,000 baada ya makato ambayo hakuyaelewa, na sasa anadaiwa 130,000. Programu ilipoingia kwenye simu yake ilichukua namba zote zilizohifadhiwa. Kijana anabonyeza, na ujumbe unaenda kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa mwenye nyumba: mwambieni ndugu yenu alipe deni, amewaweka kuwa wadhamini.

Kijana huyo huenda ni mwanakwaya, na anamtumia bibi yake fedha kila mwezi. Kwenye kioo chake hakuna mama muuza vitumbua. Kuna safu tatu.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo inagusa moja kwa moja uchukuaji wa namba za watu wasiohusika na deni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jambo hili imeshakuwa la ngazi ya pili. Lakini hata mkopeshaji mwenye leseni anabaki na swali la ngazi ya tatu: je, ni haki kumkopesha mtu ambaye hesabu zako mwenyewe zinaonyesha hataweza kurejesha, kwa sababu tu faini zake ndizo zinazokupa faida? Kampuni ya namna hiyo ikipeleka mchele na mafuta kwenye kituo cha yatima mwezi wa Ramadhani, watoto watakula na watashiba. Swali la Tandale litakuwa palepale.

Abiria wanne na majibu yao

Turudi kwa yule anayesema sheria inawabana. Kwa kampuni nyingi, hapana. Utoaji wa misaada kwa jamii nchini ni hiari, isipokuwa kwenye sekta chache kama madini: marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa CSR na kukubaliana na halmashauri husika. Ndiyo maana diwani wa Geita, kwenye migodi ya dhahabu, ana haki ya kuuliza mpango uko wapi, wakati diwani wa Kinondoni akiuliza hivyo hivyo kwa kampuni ya vinywaji, anaomba tu. India ilichukua njia pana zaidi. Sheria yake ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa za sekta zote kutumia asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka mitatu kwa shughuli za kijamii. Mimi nina mashaka na njia hiyo. Fedha zinapatikana, ni kweli, lakini inawazoesha watu kuamini kwamba ukishalipa asilimia 2 umemaliza, na asilimia 98 haina maswali.

Kuhusu kodi, hesabu ni rahisi na inafaa kila mtu aijue. Kampuni hapa nchini hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa na miradi ya maendeleo ya jamii ipunguzwe kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa, isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kampuni ikitoa Sh milioni 20 zinazokubalika, mapato yanayotozwa kodi yanapungua kwa milioni 20, na kodi inapungua kwa milioni 6. Milioni 14 zimetoka kweli mfukoni mwake. Anayesema kampuni inarudishiwa yote anakosea. Ila tujue pia kwamba milioni 6 zingeingia Hazina, kwa hiyo kwenye kila dawati la namna hiyo kuna mbao za serikali, hata kama nembo iliyobandikwa ni moja. Na anayekwepa kodi kweli hafanyi hivyo kwa madawati. Anafanya hivyo kwa ankara za kughushi na mauzo yasiyotolewa risiti.

Je, ni tangazo tu? Watafiti wamelihangaikia swali la ndugu yake: kuwajibika kunalipa? Joshua Margolis na James Walsh walikusanya tafiti 127 zilizofanywa kati ya 1972 na 2002 kuhusu uhusiano wa CSR na faida. Nyingi zilionyesha uhusiano mzuri, zilizoonyesha hasara zilikuwa chache. Tatizo ni kujua kipi kinamvuta mwenzake. Kampuni yenye faida nono ina cha kutoa, kwa hiyo huenda faida ndiyo inayozaa misaada. Ninachokiona hatari ni kuifanya faida kuwa sababu ya kutenda haki. Siku hesabu zikionyesha kwamba kumlipa kibarua stahili zake hakulipi, tutamwambiaje?

Kuna na wale wanaotulizwa na karatasi. Kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa na kitabu cha maadili chenye kurasa 64 kabla ya kuanguka kwa udanganyifu wa hesabu mwaka 2001. Mwongozo wa kimataifa wa uwajibikaji kwa jamii, ISO 26000 wa mwaka 2010, umeandikwa bayana kuwa hautolewi cheti, kwa hiyo anayekuonyesha cheti chake anakuonyesha kitu kisichokuwepo.

Mtafiti anaanzia wapi

Ugumu wa kazi hii ni kwamba hakuna meneja atakayemjibu mtafiti "sisi si waadilifu." Ndiyo maana wanaoifahamu kazi hawaulizi hivyo. Humpa mtu kisa kifupi cha kubuni na kumuuliza mwenzake wa ofisini angefanya nini, kwa sababu tukieleza ya wengine tunasema ukweli zaidi. Huweka ripoti ya mwaka pembeni ya kumbukumbu za mamlaka za usimamizi. Na huzungumza na watu ambao kitengo cha uhusiano hakikuwapanga: walinzi wa geti, wazabuni wadogo, wanaoishi mfereji unapotokea.

Mwandishi wa habari anayealikwa kwenye makabidhiano anaweza kufanya hivyo hivyo kwa maswali machache. Vibarua ni wangapi, na wa muda gani? Michango ya NSSF imepelekwa hadi mwezi gani? Mzabuni mdogo hulipwa baada ya siku ngapi? Mwaka huu wameumia wafanyakazi wangapi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliarifiwa? Majibu yapo tayari kwenye orodha ya mishahara, stakabadhi za NSSF, rejista ya ajali na daftari la malipo. Kuyatoa hadharani hakuhitaji bajeti mpya wala mgeni rasmi.